Siku Arobaini za Soda

Mimi ndiye niliyeandika arobaini. Naanza hapo ili mtu asije akanihurumia kurasa mbili tatu, halafu ajione mjinga. Niliandika kwa mkono wangu, kwa biki ya bluu, nimekaa kwenye kiti kilichotandikwa kitambaa cheupe kwa ajili yangu, mtoto amelala mgongoni. Na nilijua ni uongo.

Soda ninayosema si ya kunywa. Ni ile nyeupe ya kupikia sabuni, inayokuja kwenye mapipa ya bati na kula ngozi ya mtu. Mama mkubwa, dada yake mama yangu, alikuwa na karakana ya sabuni Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, uani nyuma ya nyumba yake. Sufuria mbili kubwa, wanawake tisa, mawese ya Rumonge na ya ng'ambo, Kongo. Sabuni yake ya vipande ilifua nusu ya nguo za mtaa ule. Nililelewa katika ua huo. Kabla sijajua kusoma nilijua kunusa. Nilijua mawese yakianza kupoteza wekundu wake juu ya moto, na nilijua soda, maana soda inauma pua kabla hujaiona.

Kisha ikaja embargo, vikwazo vya biashara. Vita vilikuwa tayari milimani, na juu ya hivyo majirani zetu wakafunga mipaka. Walisema wanawabana wakubwa. Mimi wakubwa sikuwaona wakifua nepi kwa majivu. Nilijiona mimi.

Wakati huo nilikuwa na diploma ya sekondari, mtoto wa miezi saba, na mwanamume aliyevuka ziwa kwenda Kigoma kutafuta kazi akasahau njia ya kurudi. Ofisi moja mjini, biro kama tulivyoiita, ikatafuta watu wanaojua kuandika na wenye miguu ya kutembea. Kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka viwanda na karakana za Bujumbura na kupima kila kimoja kitastahimili siku ngapi kabla hakijasimama. Boti moja ya mizigo ilikuwa imepata ruhusa ya kuja bandarini na mazutu kidogo, yaani dizeli, na soda, unga wa ngano, bati na vitu vingine vya kazi. Havikuwatosha wote. Ilibidi ijulikane nani yuko karibu kufa zaidi.

Shefu wetu, mkuu wa kazi, alikuwa kijana anayeishi Kinanira, mwenye miwani, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi hata wiki ambazo umeme haukuja kabisa. Alitufundisha siku mbili. Maneno yake bado ninayo kichwani.

"Kiwanda hakifi kwa wastani," alisema. "Kinakufa kwa kitu kinachoisha kwanza. Mtu anaweza kuwa na kuni za mwaka mzima, kama hana bati hatengenezi kitu. Kwa hiyo mtauliza kitu kimoja kimoja. Mafuta ya moto, umeme, malighafi, wafanyakazi, barabara. Ukikatiwa hiki leo, unasimama baada ya siku ngapi? Halafu tunaangalia namba ndogo kuliko zote. Ikiwa chini ya kumi, anaingia kwenye orodha."

Karatasi yenyewe tuliiita fishi. Chini kabisa ilikuwa na mistari mitatu mitupu ya maoni ya mpimaji. "Hapo," alisema, "mnaandika mlichokiona, kama hakifanani na mlichoambiwa."

Fishi haikuwa ya kijinga. Ningependa iwe ya kijinga, nipate wa kumlaumu.

Wiki ya kwanza nilijifunza kwamba wenye nguvu hujibu haraka. Kwenye kiwanda cha magodoro mkurugenzi hakuningoja hata nifungue biki.

"Andika kesho."

"Kesho nini, baba?"

"Kesho tunafunga. Andika, mama, usiogope karatasi."

Nyuma yake magodoro yalikuwa yamepangwa mpaka darini, na mengine yamefunikwa turubai uani kwa kukosa nafasi. Niliandika kesho kama alivyosema. Kwenye mistari mitatu nikaandika: magodoro mpaka darini, na nje pia. Hakuingia kwenye orodha, na wala sikujuta.

Shida ilikuwa kwa wadogo. Kwetu mgeni haambiwi njaa. Mgeni akifika, moto unawashwa hata kama hakuna cha kuweka juu yake, na mwenye nyumba anaulizia habari za kwao kana kwamba sufuria inachemka. Sasa mtu kama huyo umpelekee karatasi umwulize, utakufa lini? Atakwambia yuko sawa. Fundi mmoja wa babula, majiko ya mkaa, aliniambia bati lake ni la siku nyingi. Chini ya kibanda chake palikuwa na vipande visivyotosha kufunika sahani.

Nilikunja fishi. Nilimfungua mtoto mgongoni, nikakaa juu ya tofali, nikamnyonyesha. Tuliongea habari za mvua. Halafu nikauliza tena, kwa mlango mwingine: "Na kesho asubuhi, fundi, unaanza kukata nini?"

Aliangalia kulia, akaangalia kushoto. "Kesho, mama, nakata mulango ya choo yangu."

"Na kesho kutwa?"

"Kesho kutwa nakata ya jirani. Yeye analala sana."

Tulicheka mpaka mtoto akaachia ziwa. Niliandika siku moja. Akapata bati.

Basi nilijua. Hiyo ndiyo kazi niliyojifunza, na niliijua kuliko wenzangu wote, kuliko shefu mwenyewe. Swali la kwanza ni la heshima, la pili ndilo la kupima. Kila ua niliuliza mara mbili. Mafundi viatu, wapika mikate, wanawake wa kusaga muhogo, wote niliwauliza mara mbili.

Mama mkubwa nilimwuliza mara moja.

Lazima niseme kwa nini, na sababu yenyewe ni ndogo kiasi cha kutia aibu. Nilipokuwa na mimba ya miezi minne, na yule wa Kigoma ameshaondoka, nilikwenda kumwomba kazi. Kukoroga, kukata, kupiga muhuri, chochote. Alikuwa amesimama na mwiko mrefu mbele ya wanawake wake tisa. Alinitazama tumboni, si usoni.

"Hapa apana," alisema. "Na tumbo hiyo? Rudi kwenu."

Neno moja zaidi hakuongeza. Wanawake waliinamisha vichwa. Mmoja alikohoa. Nilitembea kutoka pale mpaka nyumbani masikio yakiwaka moto. Nikajiambia: anaona aibu. Mtoto asiye na baba anachafua sabuni yake. Niliilisha hasira hiyo kila siku, kama mtu anavyolisha kuku. Alipozaliwa mtoto, mama mkubwa alituma mche mzima wa sabuni na kitenge. Kitenge nilikipokea. Sabuni niliigawa kwa majirani, nikahakikisha wanamwambia.

Siku ya fishi alikuwa ananingoja. Ua ulikuwa umefagiwa na kunyunyiziwa maji. Wanawake wamevaa vilemba safi. Sufuria moja ilikuwa inachemka, na kando yake ameketi mgeni mwingine, muuza mawese wa Uvira, mwanamke mnene mwenye sauti, juu ya madumu yake kama kuku anayeatamia. Alikuwa amevuka asubuhi ile na mafuta kwa njia za panya, na bado hajaamua ayaache hapa au ayapeleke kwa mwingine. Alikuwa anatazama kila kitu. Mapipa, moto, mikono ya wanawake, na mimi.

"Karibu, mama," mama mkubwa alisema, akanionyesha kiti chenye kitambaa. "Kaa. Leteni fanta ya mugeni."

"Mimi mgeni hapa?"

"Leo uko mugeni. Unatoka ku biro."

Mwanamke wa Uvira akacheka. "We, dada, mutoto yako amekuwa serikali?"

"Serikali ya karatasi," mama mkubwa alijibu, na ua mzima ukacheka. Hata mimi ningecheka siku nyingine. Siku ile niliona ananidharau.

Nilifungua fishi. Kuni? Siku makumi mbili. Umeme? Hatutumii, umeme iko na faida gani kwa sabuni. Mawese? Alimtazama mwanamke wa Uvira, akatabasamu: "Mawese, Mungu akipenda, yako mengi." Wafanyakazi? Wako.

"Soda?"

"Makumi ine."

Aliitamka kwa sauti, kama mtu anayetangaza kanisani. Siku arobaini za soda, katika mji ambao kiwanda kikubwa cha sabuni kilikuwa kimebaki na za wiki moja. Mwanamke wa Uvira alitikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu mama mkubwa akafanya jambo ambalo sikuwa nimeliomba. Alinishika mkono, akanipeleka kwenye pipa lililo pembeni, akafungua kifuniko chake, akaniambia: "Inama uangalie, mama. Angalia muzuri."

Niliinama. Lilikuwa limejaa, jeupe mpaka juu. Nikavuta pumzi.

Haikuuma.

Ilikuwa chokaa. Chokaa ya kupaka ukuta, na juu yake ametawanya soda kiganja kimoja, kwa ajili ya macho ya wengine. Pua yangu ilijua kabla kichwa hakijajua. Niliinua uso, nikamkuta ananitazama, ameshika kifuniko. Macho yake hayakuwa ya mtu anayejivuna. Hilo naliona leo. Siku ile niliona mtu anayeonyesha utajiri wake kwa msichana aliyemfukuza, utajiri wenyewe wa uongo. Nikajiambia moyoni: vizuri. Unataka arobaini? Chukua arobaini.

Nilirudi kwenye kiti. Mtoto aliamka, akaanza kuhangaika. Wakati mwingine wowote ningemfungua, ningekunja karatasi, ningekaa. Nilimpigapiga mgongoni akalala tena. Nikaandika 40. Kwenye mistari mitatu nikachora kistari, maana yake sina maoni. Nikasaini.

Mama mkubwa alinisindikiza mpaka mlangoni, akanipa kipande cha sabuni kilichofungwa kwa jani la mgomba. "Ya kuogesha mutoto."

"Haturuhusiwi kupokea zawadi, mama mukubwa. Ni sheria ya biro."

"Kumbe," alisema. Akabaki ameishika.

Sheria hiyo ilikuwepo kweli. Nilikuwa nimeivunja kwa wapika mikate karibu kila siku.

Boti ilipofika, shefu alinituma bandarini kusoma orodha. Nilikuwa na sauti, alisema. Watu walikuwa wamejaa mbele ya lango na mikokoteni, na nyuma yangu makuli walikuwa wameshaanza kushusha mapipa. Mama mkubwa alikuwa mstari wa mbele. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kwenda misani na amekuja na mkokoteni na pipa tupu. Aliponiona nimeshika karatasi uso ukamlegea, kama mtu aliyefika kwa ndugu.

Nilisoma. Babula. Mkate. Viatu. Kiwanda kikubwa cha sabuni. Nilisoma mpaka chini, nikakunja.

"Soma tena," alisema.

"Mama mukubwa..."

"Soma tena, mama. Pengine umeruka mustari."

Nikasoma tena, yote, mbele ya watu, polepole. Kama kuna adhabu duniani, ile ndiyo niliyopewa, na haikutosha. Nilipomaliza alinisogelea karibu sana, akaongea chini chini ili watu wasisikie. Hata pale alikuwa bado anahifadhi heshima yangu.

"Pipa nililifungua kwa ajili ya nani?"

Nilizidi kuikunja ile orodha.

"Yule wa Uvira alikuwa amekaa pale. Akisikia sina soda, anabeba mafuta yake anaenda. Ningesema nini mbele yake? Maneno yalikuwa ya masikio yake. Pipa ilikuwa ya pua yako. Mi nikasema huyu ni wangu, amekulia mu soda hii, atanusa, ataandika. We haukunusa?"

Ningeweza kusema sikunusa. Ilikuwa uongo rahisi. Mafua, mtoto, joto. Nikasema: "Nilinusa."

Aliweka kiganja juu ya pipa lake tupu. Halafu akamwambia mwenye mkokoteni ageuze.

Siku hiyohiyo nilikwenda kwa shefu. Nilimwambia kila kitu, hata sababu, hata tumbo. Alivua miwani akaifuta.

"Fishi ikishasainiwa, siwezi kuibadilisha baada ya boti kufika. Kesho wote watakuja kubadilisha zao."

"Lakini namba ni ya uongo."

"Nani alisaini?"

"Mimi."

"Na mistari mitatu?"

Nilimwambia nilichora kistari. Alisema ataiandika karakana ile kwanza kabisa kwenye orodha ya boti ijayo. Nadhani alimaanisha. Boti ijayo ilichelewa mpaka ilipofika haikuwa na wa kumpa. Mwanamke wa Uvira aliyachukua madumu yake wiki ileile, maana habari za bandarini zilimfikia kabla ya mtu yeyote. Wanawake tisa wakawa watano, wakawa wawili. Mama mkubwa alijaribu kupika kwa majivu kama zamani, ikatoka sabuni laini kama uji, watu wakaicheka sokoni. Akauza sufuria ya kwanza, akauza ya pili.

Siku ya kutoa sufuria ya pili nilikwenda kusaidia kubeba. Hakuna aliyeniita na hakuna aliyenifukuza. Nilishika upande mmoja, wa pili akashika mkorogaji wake mzee kuliko wote, mwanamke aliyekuwa naye tangu mwanzo. Tulipoitua barabarani alisema, kama anayezungumzia hali ya hewa:

"Sufuria hii imemumaliza mama yako mukubwa. Mimba mbili, zote zimetoka hapa, juu ya mvuke wa soda. Ya tatu hakupata tena. Ndiyo maana wenye tumbo hakubali wakae hapa. We si unakumbuka alivyokufukuza?"

Nilikumbuka.

Sasa niseme hasira yangu, maana watu hudhani nikiwa na majuto basi nimepoa. Sijapoa. Nina hasira naye. Maneno manne yangemgharimu nini siku ile mbele ya wanawake wake? Mvuke huu unaua mimba. Manne tu. Nina hasira na hii adabu yetu ya kufunika kila kitu, njaa, msiba, tumbo, mpaka ndugu asimame mbele ya ndugu na kubahatisha. Nina hasira na waliofunga ziwa na barabara kutoka kwenye hoteli zao na kuiita amani. Nina hasira na yule wa Kigoma. Zote hizo nimezipima, nazo ni za kweli, na hakuna hata moja iliyoshika biki. Mimi ndiye niliyefundishwa kwamba swali la kwanza ni la heshima. Mimi ndiye niliyejua kuuliza la pili. Karakana ya mama mkubwa haikufa kwa soda. Ilikufa kwa kitu kilichoisha kwanza, na kilichoisha kwanza kilikuwa mimi.

Embargo imeondolewa. Vita havijaisha, lakini mchana barabara ya Kajaga inapitika. Mama mkubwa anaishi huko sasa, anauza samaki wa chumvi karibu na ufuko, kwenye meza ya mbao tatu. Kwa muda mrefu nilikuwa nampelekea salamu tu, kwa midomo ya watu. Jumapili moja, si zamani, nilimchukua mtoto tukaenda. Ameshakuwa mkubwa, anatembea mwenyewe, anauliza kila kitu mara tano.

Alitupokea kama tulikuwa hapo jana. Alifuta benchi kwa kiganja. Alimshika mtoto kidevu, akamgeuza huku na huku, akamkagua kama mche wa sabuni unaotafutwa ufa. "Ameota muzuri," alisema. Mikono yake ina yale madoa meupe ambayo soda huacha, hayatoki.

"Mama mukubwa, biashara inaendaje?"

"Iko muzuri. Hatuna shida."

Mezani palikuwa na samaki sita. Moto wa jiko lake ulikuwa unawaka chini ya maji matupu, kwa ajili yetu. Mtoto aliuliza maji yale ni ya nini, nikamwambia anyamaze.

Nilikaa. Tuliongea habari za mvua. Tuliongea habari za mama, za magoti yake. Halafu nikauliza tena: "Na kesho asubuhi, mama mukubwa, unaanza na nini?"

Alikuwa anamtazama mtoto anayechora mchangani kwa mfupa wa samaki.

"Chumvi," alisema. "Iko ya siku mbili."

"Mbili?"

"Ukihesabu na leo."

Aliisema kwa sauti ndogo, bila kunitazama, na mimi nilikaa pale nimeishika namba hiyo, bila fishi na bila biki. Angeweza kunipa namba hiyo miaka ile, kama ningekaa chini. Nilimwachia mtoto, nikaenda kutafuta chumvi. Duka la karibu lilikuwa limefungwa kwa ajili ya misa. La pili pia. Nilitembea mpaka barabara kubwa, kutafuta la tatu.